Mama Kinyume wa Njia ya Kilimani

Bawaba ya mlango wa nyuma haijalia gizani kwa mwaka mzima sasa, Mama. Ilikuwa ikilia alfajiri, mara moja tu, nasi tukajua umekwenda kilimani kabla ya kazi. Baba alitaka kuipaka mafuta ukamkataza: ukitoka kimya, ulisema, watu watadhani umetoroka. Tangu ututoke, mlango ule tunaufungua mchana tu.

Kazi yako ilikuwa kupiga pasi. Mashuka na makoti ya hospitali yalitoka mashineni yakiwa na joto, wewe umesimama kutwa. Ulisema miguu inayosimamishwa siku nzima ina haki ya kukimbia kwanza. Jirani yetu mshonaji hakukuelewa. Mama mzima mwenye mjukuu, alikuuliza, unakimbizwa na nani msituni? Ukamjibu kwamba unakimbizwa na uzee, nao una kitambi.

Njia ya kilimani huzunguka msitu na kurudi palepale getini. Wakimbiaji huianzia upande wa kushoto, kwenye mteremko mpole. Wewe uliianzia upande wa kulia, penye mpando wa mizizi. “Mimi sisalimii visogo,” ulisema. Hivyo ulikutana na kila mtu uso kwa uso, ukamsalimu, na mwenye mgonjwa nyumbani ukamuulizia hali yake bila kusimama. Wakakuita Mama Kinyume. Asubuhi moja ya ukungu mlinzi mgeni alikuona ukija tofauti na wenzako, akadhani umepotea, akakushika mkono na kukurudisha hadi getini. Hukumbishia. Ulimshukuru, ukanywa maji, ukaanza upya, upande uleule.

Jioni ulimbembeleza mwanangu, mjukuu wako, ili mimi nikasome. Nikirudi na kusinzia mezani hukunipa pole. Ulinisogezea kitabu.

Moyo wako ulisimama kazini, pasi ikiwa mkononi. Daktari alitueleza kwamba ulikuwa dhaifu tangu zamani, na kwamba kukimbia kulikuongezea miaka, hakukukupunguzia. Sisi tulimwelewa. Baba hakuelewa. Alikinunia kilima kana kwamba ndicho kilichokuua. Yeye ndiye aliyekuwa akikusubiri getini na chupa ya maji. Sasa akienda kwenye karakana yake ya useremala hupita barabara ya mbali, asikione. Mjukuu wako akitaja kukimbia, Babu huondoka mezani. Tukawa tunameza maneno. Lakini kukutaja wewe bila kukitaja kilima haiwezekani, na tuliogopa kwamba taratibu tutazoea kutokukutaja kabisa.

Jumamosi iliyopita tulipanga kuizunguka njia yako. Kaka alikwenda kumweleza Baba karakanani. Baba hakuacha kupiga randa. “Nendeni,” alisema. “Mimi na kilima hatuzungumzi.”

Tukaenda, tukaianzia upande wako. Waliokuwa wakikimbia walipunguza mwendo walipokutana nasi. Wawili watatu waliuliza kama sisi ndio wa Mama Kinyume. Mmoja alisema tangu uondoke hajui tena habari za mtu yeyote. Tulicheka kidogo, na pumzi zenyewe hatukuwa nazo.

Tulipofika katikati ya mpando tukasikia majani makavu yakivunjika nyuma yetu. Alikuwa Baba, na aproni yake ya kazi, akishika mti huu na mti ule, akihema. Hakututazama. Hakuna aliyethubutu kumwita. Tuliogopa neno moja lingemrudisha nyumbani.

Tuliosimama pale ndio tunaokukumbuka leo na siku zote zitakazokuja: mimi, binti yako; kaka, dereva wa gari la wagonjwa; mkweo, anayekunja mashuka kama ulivyomfundisha na kulalamika vilevile; Baba, mumeo, hatua chache chini yetu; na mjukuu wako, aliyekuwa ametutangulia wote. Yeye ndiye aliyegeuka, akakaa juu ya mzizi na kutuambia, kwa sauti ambayo hata Baba aliisikia:

“Tumsubiri Babu.”