Ofu ya Runji

Jumatatu, 8 Agosti 1988

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: Baba haoni maandishi. Ndovu atamwona ng'ambo ya mto, lakini karatasi iliyo mkononi — hapana. Miwani hataki, ati wodeni, mkuu wa hifadhi, atamstaafisha. Na yeye ndiye sajini, anapanga doria za kambi nzima ya askari wa wanyama. Ananitajia kwa Kimbeere, naandika kwa Kiingereza (watu wanadhani ni kwa ajili ya mwandiko wangu tu), anatia sahihi pale ninapoweka kidole.

Leo nimefanya kitu. Baba alisema Jumatano askari Runji alinde mto. Runji ametembea siku kumi na moja mfululizo! Asubuhi alinikuta bombani, buti amezikanyaga visigino kama ndala, miguu imevimba. "Karani, wiki hii umenipeleka wapi? Kwa simba tena?" Niliona haya, nikainamia ndoo.

Jumatano yake nimeandika ofu, siku ya kupumzika. Baba akasaini.

Jumatano, 10 Agosti

Runji ameshinda amelala. Nimefurahi kidogo.

Alhamisi, 11 Agosti

Ndovu ameuawa mtoni jana. Jike. Majangili wamekata uso mzima kutoa pembe.

Runji aliitwa, akasema karatasi ya doria ilimpa ofu. Baba akaibandua mlangoni pa ofisi, akaja nayo nyumbani. "Kathambi, nisomee Jumatano."

Nikasoma: Runji, mtoni.

Mungu nisamehe. Sauti haikutetemeka hata!

Ijumaa, 12 Agosti

Cicily, bibi ya Runji, bombani, mbele ya watu: Mwambie baba yako atupatie lori basi, vitanda havibebwi kichwani mpaka kwetu Kanyakine! Runji akifukuzwa kazini, na nyumba ya serikali inaenda. Watoto watatu. Ndoo yangu ilijaa ikamwagika.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimechoka. Baba pia — chai hakuimaliza. Wodeni anataka barua leo. "Andika Kiingereza kizuri. Runji alitoroka lindo. Na ile karatasi uitie ndani." Halafu, polepole: Runji kazi alimfundisha yeye mwenyewe, hakudhani angemdanganya.

Wodeni akiiona ile ofu yenye sahihi yake, Baba amekwisha. Naweza kuandika karatasi nyingine: Jumatano, Runji, mtoni. Atasaini nikiweka kidole. Ni rahisi hivyo — na nimeshaiandika. Imebaki sahihi.

Buti zake zinakuja. Daftari hili huwa nalisukuma chini ya godoro. Leo naliacha wazi. Lakini kuliacha wazi ni bure, hawezi kulisoma. Lazima nimsomee, kwa mdomo huu huu.

Anapangusa viatu mlangoni. Karatasi mpya iko kushoto, daftari kulia. Anauliza kama barua iko tayari —