Kaseti ya Nne Iangalie Peke Yako

Peterborough, Ontario
3 Machi 1992

Dada Doreen,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Natumaini u mzima, na goti lako halikusumbui sana na baridi hii. Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu wa miaka sitini na sita anayeishi na paka asiyempenda. Ahsante kwa kadi uliyonitumia wakati mke wangu Lorna alipofariki. Niliisoma mara nyingi kuliko maneno uliyoandika.

Najua utashangaa kupata barua nzima. Tangu Mama azikwe bila mimi, miaka kumi na minane, tumekuwa watu wa kadi za Krismasi tu, jina lako na jina langu. Sikulaumu.

Nina ombi la kipuuzi. Kila Alhamisi wazee tunakutana katika ukumbi wa kanisa kuangalia televisheni. Wiki iliyopita Orville, aliyekuwa dereva wa treni, alinigeukia mbele ya watu wote: "We Cyril, si Mwingereza wewe? Hebu tuambie vichekesho gani vya kwenu tuangalie. Au huko kwenu hamchekagi?" Nikaona aibu. Niliondoka nyumbani kabla televisheni haijaingia sebuleni kwetu. Ninachokumbuka ni redio tu, mimi na wewe chini ya meza, umenifumba mdomo kwa kiganja ili Baba asisikie nikicheka.

Basi nisaidie. Niwapendekezee nini watu wa huku?

Kaka yako,
Cyril


Goole, Yorkshire
29 Machi 1992

Mdogo wangu Cyril,

Barua yako imenikuta mzima, goti likilalamika kama kawaida. Hapa mvua, mto umejaa, na bei ya samaki na chipsi ni aibu kuitaja. Pole tena kwa Lorna. Sikuwahi kumwona, lakini mwandiko wake kwenye kadi zenu ulikuwa mzuri kuliko wako.

Umeniuliza jambo ambalo sijaulizwa na mtu yeyote tangu nistaafu kule posta: maoni yangu. Umejitakia mwenyewe.

Nakutumia kaseti ya video. Nimekaa mbele ya deki wiki mbili, kidole kwenye kitufe, nikiruka matangazo ya sabuni. Hii ya kwanza inahusu ofisi ya vitu vilivyopotea katika stesheni. Mkuu wake, Bwana Thripp, ana miavuli mia nne na hajawahi kumrudishia mtu hata mmoja, kwa sababu hakuna anayejaza fomu sawasawa. Katika sehemu ya tatu anapoteza mwavuli wake mwenyewe. Inabidi ajaze fomu, na anajikatalia.

Sasa waambie watu wako mambo mawili. Kwanza, wasimwangalie anayesema. Wamwangalie asiyesema. Pale ofisini kuna karani, mama mmoja anakunywa chai tu, na uso wake ndio kipindi chenyewe. Pili, wasingoje watu wakumbatiane mwishoni. Nasikia huko kwenu lazima wakumbatiane. Kwetu kipindi kinaisha mtu amefungiwa nje, mvua inamnyeshea, na hapo ndipo penye kicheko.

Niandikie walicheka wapi. Usinifiche.

Dada yako,
Doreen


Peterborough
20 Aprili 1992
(haikutumwa)

Dada Doreen,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, ila nina jambo.

Kaseti yako haionekani. Niliiweka kwenye deki, nikaita wenzangu wote, Hazel akaleta keki, na tulichoona ni mistari ya kijivu na mngurumo. Nilikwenda kwa fundi. Akaitazama akacheka: "Mzee, hii ya Uingereza. Deki za huku na kaseti za kule hazisikilizani. Zimetengenezwa tofauti. Huna la kufanya." Kuna duka moja Toronto linaloweza kuzigeuza, lakini linachukua wiki mbili tatu.

Wiki mbili zako, Doreen, kidole kwenye kitufe.

Sijui nikuambieje. Mara ya mwisho nilipokuambia ukweli, kwamba sitaweza kuja kumzika Mama kwa kuwa Lorna alikuwa karibu kujifungua mtoto ambaye hakuishi, ulikata simu. Ule ukweli ulinigharimu miaka kumi na minane. Sina mingine ya kutoa.


Peterborough
22 Aprili 1992

Dada Doreen,

Salamu tele, na goti lako likoje? Huku theluji inayeyuka, viatu vyote ni tope.

Kaseti imefika salama na tumeiangalia. Dada, tulicheka! Bwana Thripp alipojikatalia fomu yake mwenyewe, Orville alipiga meza mpaka chai ikamwagika. "Huyu ni bosi wangu wa reli, huyuhuyu!" alisema. Na yule mama wa chai, kama ulivyosema, hasemi kitu, uso tu. Hazel anasema ni wewe mtupu, ingawa hajakuona.

Wanauliza kama kuna nyingine.

Kaka yako,
Cyril


Goole
10 Juni 1992

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako nikaisoma nimesimama pale mlangoni, koti mwilini. Kisha nikaenda nayo kwa Gladys Pickersgill, jirani yangu, nikamsomea. "Kumbe una watu wako Kanada," akasema. Nikamwambia ndiyo, ninao.

Hali yangu ni ya kawaida. Nimepungua kidogo, nguo zinacheza mwilini, lakini ni kiangazi, nani ana hamu ya kula.

Kaseti ya pili mmeshaipata, ile ya dada wawili wenye saluni isiyo na wateja. Hii ni ya tatu. Ni ya klabu ya wazee wanaovingirisha mipira kwenye nyasi. Mwenyekiti wao anakataa kustaafu. Kila mwaka wanamwandalia hafla ya kumuaga, anakula keki, analia kidogo, na Jumatatu yupo tena na funguo zake. Mwaka wa mwisho haji. Wanaikata keki hata hivyo. Mmoja wao anaweka kipande pembeni kwa ajili yake. Cyril, nilicheka mpaka nikakuta silii kwa kicheko tena.

Nimegundua kwamba hizi kaseti nazirekodi nikikuwaza umekaa pembeni. Nakaribia kukufumba mdomo kwa kiganja.

Je, huna mpango wa kuja kutembea? Nauliza tu. Usijibu kama ni tabu.

Dada yako,
Doreen


Peterborough
1 Julai 1992

Dada Doreen,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Kula, hata kama ni kiangazi.

Kile kipande cha keki kiliwagusa wote. Orville alikwenda kusimama dirishani. Wameniomba nisimulie tena wiki ijayo kwa walioikosa, na nimekubali. Siku hizi wananiita Profesa wa Vichekesho, na wakinikuta dukani wananiuliza Bwana Thripp hajambo.

Kuja nitakuja, dada. Labda masika ijayo. Pasipoti yangu imekwisha muda wake, na kuna paka.

Kaka yako,
Cyril


Goole
2 Agosti 1992

Mdogo wangu Cyril,

U hali gani? Natumaini huko hakuna joto kali. Mimi leo siku nzuri, nimeweza kupanda ngazi bila kupumzika.

Hii ni kaseti ya nne. Ni fupi, haina hata dakika kumi, na ndani yake yupo mwanamke mmoja tu na kiti. Usiipeleke kwa watu wa Alhamisi. Iangalie peke yako, tafadhali, mchana, ukiwa umekula.

Wewe ndiye msomi wa nyumba yetu. Kalamu yangu mimi ni ya orodha ya sokoni, na simu, unanijua, nikiishika nazungumzia mvua mpaka dakika zinakwisha. Mambo mengine mtu inabidi aonekane uso.

Ukishaiona niandikie jibu lako. Hata neno moja.

Dada yako,
Doreen


Peterborough
24 Agosti 1992

Dada Doreen,

Salamu nyingi sana. Nafurahi kusikia unapanda ngazi.

Nimeiona ya nne. Hii imezidi zote! Mwanamke mmoja na kiti, na bado nimecheka mpaka nikashika mbavu. Anajua kazi yake huyo mama, hasa pale mwishoni. Samahani, nilishindwa kukutii: niliwapelekea wenzangu, na wao pia hoi kwa kicheko. Orville anasema mwanamke huyo angefaa apewe kipindi chake mwenyewe.

Tuletee nyingine kama hiyo.

Kaka yako,
Cyril


Goole
5 Septemba 1992

Cyril,

Barua yako nimeipata. Nafurahi kwamba mmecheka.

Hakutakuwa na kaseti nyingine.

Doreen


Peterborough
12 Oktoba 1992

Dada Doreen, dada yangu,

Siulizi hali yako. Naijua.

Barua yako ya Septemba haikuwa na neno "dada". Niliigeuza huku na huku kulitafuta. Kisha nikakuandikia mara mbili hukujibu, na nikajua kwamba katika kaseti ile kuna kitu nilichokikanyaga bila kukiona. Nikaipeleka Toronto kwa basi, kwenye lile duka. Imerudi juzi. Jana nimeiangalia, peke yangu, mchana. Chakula sikuweza kula.

Sikuwa nimeiona, Doreen. Sikuwahi kuona hata moja. Kaseti za kwenu hazionekani kwenye deki za huku, nilijua tangu Aprili, nikakudanganya. Kila kitu nilichowapa watu wa Alhamisi kilitoka katika barua zako. Nilikuwa nasimama mbele yao na karatasi yako mkononi, nawasimulia Bwana Thripp na keki, wao wakicheka kwelikweli. Kicheko hakikuwa cha uongo. Lakini kaseti ya nne hukuisimulia, nami nikajitungia.

Jana nimekuona. Umekaa kwenye kiti cha Baba, sweta ya buluu, nywele umezichana kama unakwenda kanisani. Nimemsikia Gladys nyuma ya kamera akisema, "Haya sema, mwenzangu, taa nyekundu inawaka." Umesema madaktari wamekupa mpaka Krismasi, labda. Umesema, "Sikukusamehe kuhusu Mama kwa miaka kumi, halafu nikakusamehe, halafu nikaona haya kukuandikia kwamba nimekusamehe." Umesema chumba cha nyuma umekitandika. Kisha ukatazama mikono yako, ukasema, "Njoo, Cyril. Naogopa." Na hapo, dada, ndipo mimi nilipokuandikia kwamba nilishika mbavu.

Nimepiga simu tangu jana jioni. Inaita tu. Labda uko kwa Gladys.

Pasipoti wanasema siku tisa. Tiketi nimekata, nafika Goole tarehe ishirini na tatu, Ijumaa. Paka nimempa Orville. Unitukane ukitaka, ila uwe umekaa kwenye kiti hicho.

Kaka yako,
Cyril


Goole
Ijumaa, 23 Oktoba 1992

Dada Doreen,

Nimefika.

Teksi iliniacha mlangoni kwako saa nane mchana. Niligonga, nikagonga tena. Mvua ilinyesha, mlango umefungwa, nami na sanduku langu pale nje. Nilikumbuka ulivyosema kuhusu mwisho wa vipindi vya kwetu. Nikamngoja mtu acheke.

Gladys aliniona kutoka dirishani kwake akaja na ufunguo. Hakuhitaji kuuliza mimi ni nani. "Una uso wake," alisema. Akaniambia walikupeleka hospitali Jumapili ile, tarehe kumi na moja, na Jumatano ukaondoka. Wamekuzika Jumanne wiki hii, karibu na Mama. Hawakuwa na namba yangu ya simu. Sasa nimekosa mazishi mawili.

Barua yangu ya tarehe kumi na mbili niliikuta kwenye zulia la mlangoni. Haijafunguliwa.

Gladys alikuwa na bahasha moja, imefungwa, ina jina langu na anwani ya Kanada, haina stempu. Anasema Jumamosi ulikwenda nayo posta ukakuta wamefunga mapema, ukarudi ukinung'unika kwamba enzi zako hawangethubutu. Alikuwa anangoja anipe mkononi au aipeleke posta, hakujua lipi.

Nimekaa jikoni kwako. Kitanda cha nyuma nimekiona, umeweka na ule mfuko wa maji ya moto wa kupashia kitanda juu ya mto. Naifungua sasa.

Kaka yako,
Cyril


Goole
Jumamosi, 10 Oktoba 1992

Mdogo wangu Cyril, mjinga wewe,

Natumaini u mzima, maana nataka nikutukane ukiwa na afya njema.

Gladys alitaka kumtumia binamu yake wa Boston kaseti ya harusi ya bintiye. Mama wa dukani akamwambia asijisumbue: za kwetu haziwezi kuonekana kwenye deki za upande ule wa bahari, Amerika wala Kanada, hata kidogo. Gladys akaja kunisimulia akilalamika. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikiweka chini taratibu, nikatoa barua zako zote, nikazisoma upya moja baada ya nyingine.

Hukuona kitu! Eti Orville amemwaga chai! Eti umeshika mbavu!

Mwezi mzima nimekaa nikiamini kwamba ndugu yangu alinitazama nikilia akacheka na wenzake. Sikula, sikulala, hata pazia sikufungua. Na kumbe ulikuwa unatazama mistari ya kijivu, muongo mkubwa, kwa sababu hukutaka nijue kwamba nimepoteza muda wangu. Nilianza kucheka pale jikoni, Cyril, nikacheka mpaka Gladys akataka kuita daktari. Baba angesikia kutoka kaburini. Hakukuwa na mtu wa kunifumba mdomo.

Wapendekezee hicho watu wako wa Alhamisi. Waambie kinahusu wazee wawili, mmoja kila upande wa bahari. Waambie wamwangalie asiyesema.

Yaliyo katika kaseti ya nne siwezi kuyarudia yote. Lakini mwishoni nilikuuliza jambo, na sasa naliandika, maana karatasi inasomeka nchi zote. Mimi ni mgonjwa, na sina muda mwingi. Chumba cha nyuma kiko tayari. Utakuja?

Dada yako,
Doreen