Mgomba Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Nimepima migomba kama kila asubuhi. Iko thelathini na miwili, yote tuliiambukiza ugonjwa wa mnyauko sisi wenyewe, kisha tukaipa dawa ya Dokta. Thelathini na mmoja imeoza. Namba kumi na saba umesimama, majani mabichi kabisa.
Dokta Ishengoma jana tena hakurudi kulala kwake Bilele. Nimemkuta amelala kwenye kiti cha maabara, viatu miguuni. Ananitisha. Nampenda pia, hapa kituoni Buhembe ni yeye peke yake aliyetaka karani aliyesoma botania.
Mlinzi wetu, Ta Kaijage, huniuliza kuhusu migomba kila nikiingia: "Vipi, maiti wenu kafufuka?" Leo nimemjibu kafufuka. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Dokta amenisimulia bila kuulizwa. Mnyauko ulimaliza migomba yote ya kibanja cha mama yake, na mama akafa mwaka uleule, yeye akiwa masomoni ng'ambo. Dawa yake ikifaulu, hakuna mama atakayeng'oa mgomba tena. Alilia kidogo.
Mchana nikakata chipukizi la namba kumi na saba. Kwenye jeraha likatoka tone la njano, zito kama usaha. Kila mkulima wa Kagera anajua maana yake: mnyauko umo ndani. Nikamwonyesha Dokta.
"Ni utomvu, Adventina. Andika utomvu."
Nimeandika utomvu.

Jumamosi, 8 Machi
Tumepeleka machipukizi matano ya namba kumi na saba Buganguzi kwa Ma Kokugonza, mjane. Kibanja chake hakijawahi kuugua, ndiyo maana Dokta alikitaka. Mume wake amezikwa humo humo kati ya migomba. Ma alitupa kahawa za kutafuna, akamwita Dokta mwanangu, akamshukuru mara tatu.
Lile tone sikumtajia.

Jumanne, 25 Machi
Namba kumi na saba umeanguka. Haukunyauka kwanza. Umeanguka ukiwa mbichi.
Dokta alipasua shina. Ndani njano tupu, na harufu. Akakaa sakafuni. Dawa haikuua ugonjwa, imeuficha tu. Nikamuuliza kuhusu Buganguzi. Akasema tusubiri, labda udongo wa kule ni tofauti. Hakunitazama.
Naogopa. Yeye alisema utomvu, lakini mwandiko ni wangu.

Jumatano, 26 Machi
Nimekwenda Buganguzi bila ruhusa. Nimemwambia Ma yote, pamoja na lile tone. Nilitegemea matusi. Aliuliza jambo moja tu: "Na wale niliowapa?"
Alipanda mawili. Matatu aliwagawia majirani siku ileile, kama wanavyofanya huku. Chipukizi zuri huombwa, na mwenye nalo hutoa. Mimi nimezaliwa kibanjani na sikuliwaza. Dokta naye hakuliwaza.
Na kisu alichokatia majani ya yale mawili, ndicho alichopitisha kwenye safu nzima upande wa kaburi. Mnyauko husafiri na kisu.

Alhamisi, 27 Machi
Nimekiri kwa Dokta kwamba nilikwenda. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, iko mfukoni. Nilipomtolea, hakuitaka. Aliuliza majembe yako wapi.

Jumamosi, 29 Machi
Dokta amepita nyumba tatu za majirani yeye mwenyewe. Hakutaka niseme kwa niaba yake. Wawili walimsikiliza hadi mwisho. Wa tatu, mzee mwenye kofia ya sufu, alimuuliza kama amebakiza mgonjwa mwingine wa kuwaletea.
"Hapana, waitu, mzee wangu. Nisamehe," alisema Dokta, na akaingia shambani kumng'olea lile chipukizi.
Kwa Ma tumeng'oa migomba kumi na minne. Mitatu ilikuwa na mikungu karibu kukomaa. Wa kwanza aliuangusha Ma mwenyewe, kisha akampa Dokta jembe. Tumekatakata, tumefukia, tumepitisha visu motoni. Malengelenge mikononi.
Saa nane Ma alitupa viazi vitamu. Aliuliza baada ya muda gani anaweza kupanda mgomba tena pale.
"Wanasema miezi sita," Dokta alijibu. "Mimi sijui, Ma."
Ma akaingia ndani, akatoka na ungo wa mbegu za maharage, ambayo mnyauko hauyagusi. Dokta alichimba mashimo, mimi nikadondosha mbegu, Ma akafukia kwa mguu nyuma yangu. Tulifika nusu ya pale palipobaki wazi, mvua ikaanza.