Amana Kwenye Masanduku ya Chai

Kigoma, 4 Februari 1968

Dada yangu mpenzi Mwanahawa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu yangu ni kwenu tu huko nyumbani. Juzi ardhi ilitikisika tena hapa. Bohari ya bandarini ninakofanya kazi haikupoteza hata chupa, lakini duka la jirani liligeuka vigae. Nikakumbuka duka lako la vyombo hapo Mtendeni, nikakosa raha. Tetemeko likija Tabora halitabisha hodi, dada. Fanya kama sisi: rafu zipigiliwe kwenye nguzo, kila moja iwe na ubao wa kuzuia mbele, mafuta ya taa yakae uani mbali na moto. Na vya kaure vyote vishuke chini, kwenye masanduku ya chai yenye pumba za mpunga.

Mdogo wako,
Nassibu

Tabora, 20 Februari 1968

Mdogo wangu Nassibu,

Marahaba. Sote wazima, alhamdulillahi, ila kifua kinanisumbua kidogo. Rafu nimempa fundi Lukumani azipigilie, na mafuta yamehamia uani. Lakini hilo la kaure, una wazimu? Unajua akina mama hununua sahani mojamoja kwangu na kuziacha hapahapa mpaka binti aolewe. Amana ya watu hukaa rafu ya juu, kila apitaye aone haijaguswa. Leo niitupe chini kwenye pumba kama mayai ya kanga? Nani ataniamini tena?

Dada yako,
Mwanahawa

Kigoma, 3 Machi 1968

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kifua. Wakizikuta vigae ndipo watakuamini? Waite wenyewe, uzifunge mbele ya macho yao. Nakusihi, hata kama utaninunia.

Mdogo wako mkaidi,
Nassibu

Tabora, 9 Juni 1968

Nassibu wangu,

Salamu nyingi, na natumaini huko mko salama. Sisi tumesalimika. Ijumaa ya wiki iliyopita, watu wakitoka msikitini, ardhi ilitikisika mpaka mabati yakalia.

Akina mama niliwaita, kama ulivyosema. Wote walikubali isipokuwa Bi Kuluthumu. Alisema nimemdharau binti yake Tatu, akachukua sahani zake akazipanga juu ya kabati nyumbani kwake. Tangu siku ile hakunisalimia. Basi, dukani nimepoteza bakuli mbili na chimni ya taa. Masandukuni, hata ufa! Kwa Bi Kuluthumu haikubaki sahani, na harusi ni mwezi ujao.

Nilitaka kumcheka, Mungu anisamehe, nikashindwa. Niliwaendea wale akina mama, kila mmoja akatoa sahani ya binti yake. Hazifanani, lakini ni nzima. Nilimpelekea mwenyewe. Alizipokea, akalia, nami nikalia.

Nassibu, bila wewe leo ningeuza nini, na watu ningewatazama kwa macho gani? Asante, mtoto wa mama yangu. Asante sana.

Jana asubuhi Bi Kuluthumu alikuja dukani, zile sahani amezibeba kichwani. Akanisalimia kwanza. Kisha akasema, "Nitunzie, Bi Mwanahawa, mpaka siku ya harusi."

Dada yako anayekuombea,
Mwanahawa