Kitabu Kisicho na Nukta

Jumanne, 4 Novemba

Salamu, daftari langu. Hujambo, baada ya kufungiwa kabatini tangu Aprili? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila goti.

Leo chama chetu cha kufuma kimenipa zamu ya usomaji. Wenzangu wanafuma soksi za mnada wa misheni, mimi nawasomea kwa sauti. Kitabu nachagua mwenyewe. Nilishaandaa maisha ya mmisionari mmoja – kurasa mia, herufi kubwa. Kabla sijafungua mdomo, Bi Borghild akaomba kile cha Aslaug Myrvoll.

Mwandishi huyo alizaliwa hapa hapa kwenye ghuba yetu, lakini hata maprofesa wanamkimbia. Kurasa mia sita, nukta hakuna hata moja! Magnhild, mwenyekiti, akasema yeye mwalimu mstaafu alikomea ukurasa wa tisa, sembuse mimi, Gudveig wa jikoni. Alisema kwa upole. Imeuma vilevile.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempelekea Bi Borghild supu ya samaki. Siku hizi haoni kitu ila mwanga wa dirisha. Kumbe yeye na Aslaug walikaa dawati moja shuleni. Wakagombana wakiwa na miaka kumi na tisa, wasisemeshane tena mpaka Aslaug akafa. Watu wanasema Borghild yumo kitabuni. Enzi akiwa anaona alijaribu mara nne kujitafuta, akashindwa.

"Nataka kujua tu kama alinisamehe," akaniambia. "Au kama alinianika mbele ya dunia nzima. Lolote, mwanangu, nitalibeba."

Nikamwambia basi nimsomee hapo hapo, sisi wawili. Akacheka. Wale wanachama wamemsengenya miaka sitini, akasema, wasikie na wao.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimejaribu kukisoma jikoni. Nikisoma kimya, napotea mstari wa tatu. Nikisoma kwa sauti – ajabu – inakwenda, kama mtu anayesimulia huku anaosha vyombo. Viazi vimeungua. Mume wangu, Oddvar, akauliza naongea na nani, na kama huyo mgeni anakula viazi vyeusi.

Nimeomba. Niaibike mbele ya Magnhild, au nimnyime mama wa watu? Jibu bado.

Jumanne, 11 Novemba

Nimesoma!

Sasa, desturi yetu ni hii: msomaji akifika kwenye nukta nzuri, kahawa inamiminwa, na baada ya kahawa kila mtu anaanza kisigino cha soksi yake. Leo nukta ingetoka wapi? Nikasoma, nikasoma. Hakuna aliyethubutu kunikatiza. Kahawa ikapoa. Skonzi za iliki zikakauka. Magnhild, mwenye mikono myepesi kuliko wote, soksi yake ikateremka magotini ikafika sakafuni, haina kisigino. Akaitazama, akasema itafaa kuvika bomba la maji lisigande. Tulicheka mpaka machozi.

Kisha ukurasa wa thelathini na moja. Msichana mwenye glavu nyekundu anapanda kilima kwenye theluji, anafika mlangoni kwa rafiki yake, anashika kitasa –

Bi Borghild, anayefuma kwa kupapasa, akaweka sindano chini.

"Glavu hizo nilimfumia mimi," akasema. "Lakini mlangoni kwangu hakuja."

Hakuna aliyefuma tena. Magnhild ndiye aliyesema, "Endelea, Gudveig." Na hapo hapo mzee anayetunza ukumbi akaingia na funguo zake, amechelewa chakula, akazima taa za nyuma. Ikabidi tutoke. Wameniapisha nisiwatangulie hata mstari.

Kitabu kiko mezani, mbele yangu. Nimekilaza, nikaweka kitabu cha nyimbo juu yake, nisijaribiwe. Yule msichana bado ameshika kitasa.

Bwana Mungu, tusubiri Jumanne, au niwaite wote hapa kwangu kesho asubuhi? Bi Borghild ana miaka themanini na moja. Nijibu upesi, tafadhali.