Darubini Haikuwa na Kosa

Kikole, Kilwa.
14 Oktoba 2024

Mpendwa Dada Nasma,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji Fakihi hamjambo huko Tanga, na lile goti lako limepunguza kukusumbua. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo umebanwa. Ningekupigia, lakini simu hapa inashika juu ya kichuguu kimoja tu, na ukipanda pale kijiji kizima kinakusikiliza.

Habari za simba wa huku ulizipata. Mwezi uliopita alimuua mume wa Bi Umi akiokota korosho, na wiki iliyofuata akamjeruhi mtu mwingine. Kikosi chetu cha wanyamapori kikaitwa, na wanakijiji wakanitaka mimi kwa jina, kwa sababu ya yule simba niliyempiga risasi hapa miaka tisa iliyopita.

Kabla ya kuondoka tulikwenda uwanja wa shabaha, nje ya Kilwa Masoko, kulinganisha darubini mpya na mtutu wa bunduki. Aliyeifunga ni Yasini, mwenzangu wa miaka mingi. Nikalaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, nikalenga karatasi hatua mia mbele, nikapiga mara tatu. Tundu moja lilikuwa juu, la pili pembeni, la tatu halikuonekana kabisa. Mkuu wetu, Valentini, akamgeukia Yasini: "Skrubu hizi umezikaza kwa meno?" Yasini akazikaza upya. Nikapiga tena, mambo yakawa yale yale.

Dada, ule msalaba ulio ndani ya kioo niliuona miwili, na karatasi kama iko nyuma ya moshi. Jicho langu la kulia liko hivyo tangu Ramadhani. Nilijua. Nikamwacha mwenzangu atukanwe mbele ya watu. Valentini alipotoa kalamu amwandikie onyo ndipo nikasema, "Darubini haina kosa. Mpe Yasini apige."

Yasini akapiga tatu. Matundu yote yalikaa chini kushoto, ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Akazungusha vitufe vya darubini kidogo, ya nne ikaingia katikati.

Nilidhani nimetua mzigo. Valentini akanivuta kando. "Utakwenda hivyo hivyo. Yasini atapiga, wewe utaonekana. Wasipokuona wewe, hakuna atakayerudi shambani." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Basi niandike leo kwamba huoni, urudishe gwanda? Umebakiza mwaka mmoja ustaafu." Nikapanda gari.

Leo ni siku ya sita. Bunduki anabeba Yasini. Watu wanadhani ananibebea. Siku ya kwanza Bi Umi alinishika mikono yote miwili, akasema, "Umekuja, Ridhiwani. Sasa nitalala." Juzi nikasikia kawarudisha wajukuu zake kwenye dungu la shambani kulinda mazao, kwa sababu mimi nipo. Hilo lilinishinda. Jana nikamfuata, nikakaa kwenye mkeka wake, nikamweleza yote.

Kisha akasema, "Nimekusikia. Wajukuu nitawatoa leo hii. Lakini wengine usiwaambie, mdogo wangu. Watashika nini?"

Yasini naye anasema hivyo hivyo, na yeye ndiye niliyemkosea. Nilipomwomba radhi aliniambia tu nitembee upande wake wa kushoto, nisimzibe.

Simba bado hatujamwona. Alfajiri ya leo tumekuta nyayo mbichi karibu na kisima. Kila asubuhi navaa gwanda, napita mbele ya nyumba zao, wanainuka kunisalimu, nami naitikia.

Nisalimie shemeji, na Mama mdogo Zuhura, ila habari ya jicho usimfikishie. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, na mnapoomba mtajeni Yasini kabla yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Ridhiwani