Beji Moja kwa Watu Watatu

Kasulu, Jumatano

Ukiliokota daftari hili, nakusihi usimwambie mtu neno hata moja.

Leo mwenyekiti wa chama chetu cha wataalamu wa mionzi alitaka niandike kwenye muhtasari wa kikao kwamba kila mwanachama wa Kibondo ana beji yake ya kupimia mionzi. Dada Yustina, anayepiga picha za eksirei huko, akacheka. "Mwenyekiti, tunapokezana moja watatu, kama koti la harusi! Na mimi nina mimba."

Mwenyekiti akanigeukia. "Binti, andika nilivyosema. Wewe karani tu."

Hata hivyo niliandika maneno ya Yustina. Huenda nikafukuzwa. Sifuti.

Ukinihitaji, wewe uliyeliokota daftari, usinipigie ofisini. Njoo kijijini Titye kwa mama yangu, Jumapili baada ya misa. Nakala ya muhtasari ninayo.